Makanisa ya Kale ya Kraków kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Siku Tatu

Mji wa Kraków, kusini mwa Polandi kando ya mto Wisła, una makanisa mengi kiasi kwamba mgeni asiye na mpango huingia matano asubuhi moja, akachoka, na jioni akabaki na kumbukumbu ya dhahabu na mishumaa asiyojua aliiona wapi. Mwongozo huu umeandikwa ili kumwepusha msomaji na hali hiyo. Kraków ulikuwa makao ya wafalme wa Polandi hadi karibu na mwisho wa karne ya 16, na tofauti na Warsaw, haukubomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1978 mji wake wa kale uliingia katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya utakachokiona ni mawe na matofali yaleyale ya kale, wala si majengo yaliyojengwa upya kwa kufuata picha.

Makanisa haya bado ni nyumba za ibada. Misa husomwa kila siku, watu huungama na wazee husali rozari, na mgeni hupewa nafasi katika saa ambazo waumini hawalihitaji kanisa. Anayezijua saa hizo huona yote bila haraka, na asiyezijua hukutana na milango iliyofungwa.

Hatua ya kwanza: panga saa kabla ya kupanga njia

Ubao wa mlangoni huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 11:50 ya Kipolandi ni saa sita kasoro dakika kumi kwetu, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Kosa la kusoma tarakimu hizo kwa mazoea ya nyumbani ni dogo, lakini linaweza kukupotezea nusu siku. Katika mwongozo huu nataja saa za Kiswahili, na pale dakika zinapokuwa na uzito naongeza tarakimu za ubaoni.

Chagua siku tatu za katikati ya wiki. Jumapili asubuhi ni ya ibada karibu kila mahali: Kanisa la Mariacki, yaani la Bikira Maria, huwapokea watalii kuanzia saa nane mchana, na Kanisa Kuu la Wawel, mlima wenye kasri la wafalme, huanza baada ya adhuhuri. Jumamosi nayo haifai kwa mtaa wa Kazimierz, kwa kuwa sinagogi la Remuh na makaburi yake hufungwa kwa ajili ya Sabato. Saa hubadilika kufuatana na majira na sikukuu, kwa hiyo soma ubao wa mlangoni jioni ya siku iliyotangulia, maana utakuwa unapita hapo hata hivyo.

Jifunze herufi chache kabla ya kusafiri, kwa sababu bila hizo hutaweza hata kuuliza njia. Herufi ó hutamkwa u. W hutamkwa v, na mwishoni mwa neno husikika kama f. Ł ndiyo w yetu. Sz ni sh na cz ni ch. Hivyo Kraków ni "Krakuf", Wawel ni "Vavel" na Wisła ni "Viswa". Maneno matatu ya kuyatambua ubaoni ni msza, yaani misa. Kasa, yaani dirisha la tiketi. Na nieczynne, ambalo maana yake ni kwamba pamefungwa na hakuna haja ya kubisha.

Kuhusu mavazi, funika mabega na magoti. Mwanamume huvua kofia anapoingia kanisani, lakini katika sinagogi na makaburi ya Kiyahudi huagizwa kufunika kichwa, kwa hiyo abebe kofia mfukoni. Viatu viwe vya kutembelea juu ya mawe. Anayekwenda kati ya Novemba na Machi asidhani kwamba ndani ya kanisa kutakuwa na joto, kwa sababu kuta nene hutunza baridi kama mtungi unavyotunza maji. Beba pia sarafu ndogo za zloti kwa ajili ya mishumaa na vyoo.

Hatua ya pili: ingia mjini kama walivyoingia wafalme

Siku ya kwanza ianzie nje ya mji wa kale, katika Kanisa la Mtakatifu Florian lililoko Kleparz. Wageni wengi huliruka, nami naona wanakosea. Masalia ya Mtakatifu Florian yaliletwa Kraków mwaka 1184, na hapa ndipo ilipoanzia Njia ya Kifalme, ambayo wafalme waliifuata wakienda Wawel kutawazwa, na ambayo hata majeneza yao yalipitishwa wakati wa kuzikwa. Kati ya 1949 na 1951 padre msaidizi wa parokia hii alikuwa kijana aitwaye Karol Wojtyła, ambaye baadaye dunia ilimfahamu kama Papa Yohane Paulo wa Pili. Florian ndiye msimamizi wa wazimamoto, jambo la kukumbuka kwa sababu wazimamoto utakutana nao tena kabla ya saa saba.

Kutoka hapo tembea kuelekea kusini hadi Barbakani, ngome ya mviringo ya matofali iliyojengwa mwaka 1498 na 1499 kwa hofu ya Waturuki. Kuta zake zina unene unaozidi mita 3, na zina matundu 130 ya kurushia silaha. Nyuma yake ni Lango la Florian, moja ya mabaki machache ya ukuta uliokuwa ukizunguka mji. Ukuta wenyewe ulibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19, na mahali pake pakapandwa miti. Bustani hiyo, inayoitwa Planty, inauzunguka mji wa kale kwa urefu wa takriban kilomita 4. Itumie kama dira: ukiikuta, umefika ukingoni.

Hatua ya tatu: uwe ndani ya Mariacki kabla ya saa sita kasoro dakika kumi

Barabara ya Floriańska hukufikisha kwenye Rynek Główny, uwanja wa soko uliopimwa mwaka 1257, wenye takriban mita 200 kila upande. Kanisa la Mariacki limekaa upande wa mashariki, nalo limekaa mshazari kidogo kwa uwanja kwa sababu lilikuwapo kabla ya mipaka ya uwanja kuchorwa.

Lina milango miwili yenye kazi tofauti. Mlango mkubwa wa mbele, chini ya minara, ni wa wanaokwenda kusali. Hauna tiketi, lakini humruhusu mtu kukaa sehemu ya nyuma tu. Mlango wa kusini, upande wa uwanja mdogo uitwao Plac Mariacki, ni wa watalii, na tiketi zake huuzwa katika jengo linaloukabili. Usitumie mlango wa waumini ili kukwepa malipo. Wasimamizi wamekwisha kuona ujanja huo mara nyingi, na kwa kuwa kutoka nyuma huioni altare vizuri, ujanja wenyewe hauna faida.

Wageni huanza kuingia saa tano na nusu. Nenda moja kwa moja mbele ukatafute mahali pa kukaa, kisha inua macho utazame dari ya buluu yenye nyota za dhahabu na kuta zilizochorwa na Jan Matejko mwaka 1889 hadi 1891. Miongoni mwa wanafunzi waliomsaidia walikuwamo Stanisław Wyspiański na Józef Mehoffer, ambao kazi zao utazikuta alasiri.

Ifikapo saa sita kasoro dakika kumi (11:50) mabawa ya altare, yaani milango yake ya pembeni iliyochongwa, hufunguliwa. Mimi siku ya kwanza nilifika saa sita na robo, nikakuta yamekwisha kufunguliwa, na ilinibidi nirudi kesho yake. Sijutii tiketi ya pili. Altare hii ilichongwa na Wit Stwosz, fundi aliyetoka Nuremberg, kati ya 1477 na 1489. Ina kimo cha mita 13 hivi na upana wa mita 11, na sanamu zake kubwa, zenye urefu unaokaribia mita 3, zimechongwa kwa mti laini ambao Wapolandi huuita lipa. Ikiwa imefungwa, huonyesha vipande vya masimulizi vya rangi iliyotulia. Ikifunguka, dhahabu hujaa machoni kwa ghafla, na katikati yuko Bikira Maria akiishiwa nguvu, amepiga magoti huku mitume wamemzunguka.

Baada ya dakika za kwanza iache dhahabu, utazame mikono. Mtume anayemshikilia Maria ana mishipa iliyotuna kama ya mtu aliyebeba mzigo maisha yake yote. Paji la uso la mwingine limekunjamana, na Maria mwenyewe mikono imemlegea. Stwosz hakuwachonga watakatifu kwa kuwaza tu, aliwatazama watu aliokutana nao mjini. Wajerumani waliipora altare hii mwanzoni mwa vita wakaipeleka Nuremberg, nayo ikarudishwa mwaka 1946. Ukitaka kuona kwamba fundi huyo aliweza jiwe kama alivyoweza mti, mtafute Kristo msulubiwa wa jiwe katika upande wa kusini wa kanisa hilohilo.

Toka nje kabla ya saa sita kamili na usimame uwanjani. Kila saa, usiku na mchana, mpiga tarumbeta hupiga wimbo mfupi uitwao hejnał kutoka mnara mrefu, wenye mita 81 hivi. Huupiga mara nne, kuelekea pande nne, na kila mara wimbo hukatika katikati ya noti. Simulizi husema kwamba mlinzi aliyekuwa akiwaonya watu dhidi ya Watatari alipigwa mshale wa koo. Ni simulizi tamu, lakini ilienea katika karne ya 20, kwa hiyo ipokee kama hadithi. Kilicho hakika ni kwamba wapigaji ni askari wa zimamoto, wana wa Mtakatifu Florian, na kwamba hejnał ya saa sita mchana husikika redioni Polandi nzima tangu 1927. Mpungie mkono mpigaji akimaliza. Mara nyingi hujibu.

Kabla ya kuondoka uwanjani, ingia katika kanisa dogo la Mtakatifu Wojciech lililoko kona ya kusini. Ili kuliona vizuri tazama chini: kuta zake za zamani zinaanzia chini ya usawa wa mawe unayoyakanyaga, kwa sababu kwa karne nyingi uwanja umepanda kwa zaidi ya mita 2 kutokana na takataka, mchanga na matabaka ya mawe, na kanisa likabaki lilipokuwa. Jengo la soko la Sukiennice lipitie kwa kivuli na kwa kisu cha chuma kinachoning'inia katika njia yake ya kati. Kisu hicho kinahusishwa na ndugu wawili waliojenga minara ya Mariacki, mmoja akamuua mwenzake kwa wivu.

Hatua ya nne: alasiri, fuata mwanga

Kanisa la Wafransisko, hatua chache kusini mwa uwanja, liingie alasiri jua likianza kushuka, wala si asubuhi. Sababu ni moja: dirisha kubwa la vioo vya rangi lililobuniwa na Wyspiański liko ukuta wa magharibi, juu ya mlango unaoingilia. Watu huingia, hutazama altare, hutoka, na hawajui wamekosa nini. Tembea hadi katikati, kisha geuka nyuma. Mungu Baba ameinua mkono juu ya vurugu ya rangi za moto na maji, akiumba, na ndevu zake zinatiririka hadi huwezi kusema zinaishia wapi na mawimbi yanaanzia wapi. Kuta zilizobaki zimejaa maua ya mashambani ya Polandi, pia kwa mkono wa Wyspiański. Kanisa hili na lile la Wadominiko lililo ng'ambo ya barabara yaliungua vibaya katika moto wa 1850, na bila moto huo huenda asingepata kuta tupu za kuchora.

Ukitoka, jengo linalokukabili ni kasri la askofu, Franciszkańska namba 3. Kwenye dirisha lililo juu ya lango lake Yohane Paulo wa Pili alizoea kuzungumza na vijana usiku, kila alipokuja nyumbani.

Endelea na barabara ya Grodzka hadi kwenye sanamu za mitume 12 zilizopangwa juu ya uzio. Hilo ni Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa na Wajesuiti kuanzia 1597 kwa kuiga kanisa lao la Gesù mjini Roma, nalo ni la kwanza mjini kwa mtindo wa baroki, wenye mapambo mengi. Mitume unaowaona ni nakala, kwani wale wa mwanzo waliliwa na hewa chafu. Karibu nalo pana Kanisa la Mtakatifu Andrea, la mwisho wa karne ya 11, lenye minara miwili na madirisha membamba kama matundu ya mishale. Mwaka 1241, Wamongolia walipouchoma mji, watu walijifungia humo wakaokoka. Ndani ni dogo na limepambwa upya kwa baroki, kwa hiyo nje ndiko kunakozungumza zaidi. Siku ya kwanza iishie hapo.

Hatua ya tano: mlima wa Wawel, asubuhi na mapema

Siku ya pili panda Wawel kupitia barabara ya Kanonicza, ambako Wojtyła aliishi katika nyumba namba 19 na 21. Tiketi za kasri na za kanisa kuu ni mbali mbali na huuzwa madirisha tofauti. La kanisa liko mkabala na mlango wake. Kama muda ni mfupi, liache kasri.

Kwenye mlango wa kanisa tazama kushoto, ambako mifupa mikubwa ya wanyama wa kale imefungwa kwa mnyororo. Inasemekana siku itakapoanguka ndiyo siku ya mwisho wa dunia. Ndani upigaji picha umekatazwa, na kwa maoni yangu ni heri, kwa sababu mtu hulazimika kutazama.

Kanisa hili, la tatu kujengwa mahali hapa, liliwekwa wakfu mwaka 1364, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Kraków kilipoanzishwa. Katikati pana jeneza la fedha la Mtakatifu Stanisław, askofu aliyeuawa mwaka 1079 kwa amri ya mfalme Bolesław. Likumbuke jina lake, maana mchana utakwenda mahali alipouawa. Mtafute pia Mtakatifu Jadwiga, aliyetawazwa mwaka 1384 akiwa msichana wa miaka kumi hivi, kwa cheo cha mfalme na si cha malkia, akafariki mwaka 1399; alitangazwa mtakatifu hapahapa Kraków mwaka 1997. Kikanisa cha Mfalme Zygmunt, chenye kuba la dhahabu, kilijengwa kati ya 1519 na 1533 na Bartolommeo Berrecci, fundi wa Kiitalia.

Ngazi nyembamba za mbao, ambazo hazimfai mwenye magoti mabovu, hukupandisha hadi kwenye kengele ya Zygmunt iliyomiminwa mwaka 1520. Huhitaji wanaume 12 kuivuta, na hulia kwa sikukuu kubwa na misiba ya taifa. Desturi ni kuugusa ulimi wake kwa mkono wa kushoto ili upate bahati, jambo linalomkwaza kidogo mtu aliyelelewa kuutumia wa kulia. Mimi niligusa kwa yote miwili. Ukishuka, ingia makaburi ya chini ya kanisa. Katika sehemu ya Mtakatifu Leonard, yenye nguzo nzito na dari ya chini, Wojtyła alisoma misa yake ya kwanza tarehe 2 Novemba 1946.

Hatua ya sita: Skałka na Kazimierz

Fuata ukingo wa Wisła kwa robo saa hivi hadi Skałka, kanisa la watawa Wapaulo. Hapa ndipo Stanisław alipouawa, na wafalme walikuja kwa miguu kufanya toba kabla ya kutawazwa. Kila Mei maandamano hutoka Wawel kuja hapa yakibeba masalia yake. Chini ya kanisa wamezikwa watu wa kalamu na sanaa, akiwamo Wyspiański, na mshairi Czesław Miłosz aliyezikwa mwaka 2004.

Kazimierz ulianzishwa mwaka 1335 kama mji unaojitegemea. Katika Kanisa la Boże Ciało, yaani la Mwili wa Kristo, mimbari ina umbo la mashua, na Berrecci, yule mjenzi wa kikanisa cha Zygmunt, amezikwa humo baada ya kuuawa mwaka 1537. Mitaa michache mashariki yake ndipo ulipokuwa mtaa wa Wayahudi. Sinagogi Kongwe, ambalo leo ni makumbusho, na Remuh, ambalo bado ni la ibada, yako kwenye uwanja mmoja mrefu. Nyuma ya Remuh pana ukuta uliojengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa. Kabla ya vita Wayahudi walikuwa karibu robo ya wakazi wa Kraków. Mwaka 1941 Wajerumani waliwahamishia kwa nguvu ng'ambo ya mto, na wengi hawakurudi. Pita hapo kimya, na usipige picha ya mtu anayesali.

Hatua ya saba: siku ya tatu, panda tramu

Nunua tiketi ya tramu na uigonge kwenye mashine mara unapopanda, kwa kuwa tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na wakaguzi hawana huruma kwa wageni. Asubuhi nenda Nowa Huta, mji wa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma uliojengwa na serikali ya kikomunisti kuanzia 1949, bila nafasi ya kanisa. Mwaka 1960 serikali ilipojaribu kuung'oa msalaba uliosimikwa na wakazi, watu walipambana na polisi. Kanisa la Arka Pana, yaani Safina ya Bwana, lilijengwa kuanzia 1967, kwa sehemu kubwa na watu waliojitolea, na kuta zake za nje zikafunikwa kwa mawe ya mtoni. Wojtyła, wakati huo akiwa askofu mkuu wa Kraków, aliliweka wakfu tarehe 15 Mei 1977. Kristo mkubwa wa chuma aliyemo, mwili ukiwa umevutwa mbele kama mtu anayeruka, ni kazi ya Bronisław Chromy, ambaye pia ndiye aliyetengeneza joka linalotema moto chini ya mlima wa Wawel.

Alasiri geukia kusini hadi Łagiewniki. Msomaji Mkatoliki wa Afrika Mashariki ataitambua picha iliyoko katika kikanisa cha watawa, ya Yesu mwenye miale miwili, mweupe na mwekundu, kwa kuwa nakala zake zenye maneno "Yesu nakutumainia" zimetundikwa katika sebule nyingi za kwetu, na kituo cha hija cha Kiabakari mkoani Mara kimejengwa kwa ibada hiyohiyo ya Huruma ya Mungu. Mtakatifu Faustina, mtawa ambaye maono yake ndiyo chanzo cha picha hiyo na aliyefariki hapa mwaka 1938, amezikwa chini ya picha hiyo. Basilika kubwa iliyo jirani iliwekwa wakfu mwaka 2002 na ina nafasi ya kutosha, lakini kikanisa cha zamani ni kidogo. Anayetaka kukaa humo kwa sala ya Saa ya Huruma, inayoanza saa tisa kamili (15:00), awe amefika saa nane na nusu, ama sivyo atasalia nje pamoja na wengine, akisikiliza kupitia mlango.